Saa ambazo hakuna anayezitaka: jinsi redio ya wanafunzi ilivyobeba hip hop ya andagraundi

Swali la msomaji:

"Yaya, mimi ni mwanafunzi hapa Lubumbashi. Redio ya chuo chetu imenipa mimi na mwenzangu kipindi cha hip hop, lakini ni Alhamisi kuanzia saa sita usiku, wakati hata walinzi wanasinzia. Mwenzangu anasema tumedharauliwa, afadhali tukatae. Mimi nimesikia kwamba New York kulikuwa na vijana wawili walioanza hivyohivyo kwenye redio ya wanafunzi, na kwamba Nas na Jay-Z walipita kwao kabla hawajawa na jina. Ni kweli? Walifanyaje, na kwa nini kipindi kiliisha? Na kuna cha kuchukua kwa ajili yetu huku? Mkuu wa redio anataka pia kujua kama tunaomba saa moja au mbili."

Jibu:

Mdogo wangu, ipokeeni hiyo nafasi kabla mkuu wa redio hajabadili mawazo. Mwenzako akiendelea kununa, mpe asome mwenyewe.

Kipindi ulichokisikia kiliitwa The Stretch Armstrong and Bobbito Show. Kilianza Oktoba 1990 kwenye WKCR, 89.9 FM, redio ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, kikadumu hadi 1998. Kilirushwa usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Wao wakiwasha maikrofoni, hapa kwetu ilikuwa Ijumaa saa moja au saa mbili asubuhi, kutegemea majira yao, watu wanagombania nafasi kwenye basi. Kwa hiyo ninyi wa saa sita mmependelewa.

Stretch Armstrong ni jina la kazi la Adrian Bartos, mwanafunzi wa Columbia aliyekuwa tayari anapiga muziki kwenye klabu za mjini. Bobbito ni Robert Garcia. Yeye hakusoma Columbia, alitoka chuo cha Wesleyan, na wakati kipindi kinaanza alikuwa mfanyakazi wa lebo ya Def Jam upande wa kusambaza nyimbo kwa vituo vya redio. Hilo husahaulika katika masimulizi. Watu hupenda kusema walikuwa vijana wawili tu waliobahatika. Mmoja alijua wimbo gani unawatoa watu kwenye viti, mwingine alijua kila wiki nani anarekodi nini, wapi, na nani. Bila ujuzi huo saa nne za usiku ni ndefu sana.

Sasa hao wakubwa. Ndiyo, walipita. Nas, Notorious B.I.G., Big L, Wu-Tang Clan, Mobb Deep, Fugees na Jay-Z wote walisikika pale, na kadhaa kati yao hawakuwa na mkataba wakati huo. Ila usiniambie kipindi ndicho kilichowaumba. Nas alishasikika mwaka 1991 katika wimbo wa kundi la Main Source. Biggie aliandikwa na jarida la The Source Machi 1992, katika safu yake ya wasanii wasio na mkataba. New York ya miaka hiyo ilikuwa na macho mengi yanayotafuta vipaji, na WKCR ilikuwa mojawapo. Filamu waliyoitoa wenyewe mwaka 2015 ilitangazwa kwa hesabu kwamba waliopita pale bila mkataba waliuza baadaye rekodi zaidi ya milioni 300. Mimi naipokea kama namba ya matangazo ya filamu. Ninachokithamini zaidi ni kwamba mwaka 1998 jarida hilohilo la The Source lilikitaja kuwa kipindi bora cha redio cha hip hop cha wakati wote, na waandishi wake ndio waliokuwa wakikesha nacho.

Mfano mmoja utakuonyesha kazi yao kuliko orodha ya majina. Mwanzoni mwa 1995 Big L, rapa wa Harlem, alifika studio. Yeye ndiye aliyekuwa na lebo kubwa, na albamu yake ilikuwa inatoka mwezi wa tatu mwaka huohuo. Alikuja na mwenzake, Jay-Z, aliyekuwa bado hajatoa albamu hata moja. Wawili hao walipokezana mistari juu ya biti kwa takriban dakika saba. Anayesikiliza leo anamsikiliza Jay-Z kwa kujua atakuwa nani. Waliosikiliza usiku ule walimsikiliza Big L, na Jay-Z alikuwa mgeni wa mgeni. Albamu ya kwanza ya Jay-Z ilitoka Juni 1996. Big L aliuawa kwa risasi Harlem Februari 1999, akiwa na umri wa miaka 24. Dakika hizo saba ni kati ya vitu vinavyomweka hai mpaka leo, na zipo kwa sababu kuna watu walizirekodi. Nitarudi kwenye jambo la kurekodi, maana ndilo ninalotaka mlishike kuliko yote.

Kabla ya hapo ujue kwamba hao wawili hawakuvumbua njia. Redio ya kwanza kuipa rap kipindi chake New York haikuwa ya chuo: Mr. Magic alianza WHBI, kituo ambacho ulinunua saa zako kwa pesa yako, kisha mwaka 1982 au 1983 hivi akahamia WBLS ya kibiashara. Vyuo vilifuata haraka. Toronto, Ron Nelson alikuwa akipiga hip hop tangu 1983 kwenye CKLN, redio ya chuo cha Ryerson. Chicago, mtangazaji aitwaye JP Chill alianza mwaka 1986 kwenye WHPK ya Chuo Kikuu cha Chicago, na rapa Common ni mmoja wa waliopita kwake wakiwa vijana.

Lakini kisa ninachokipenda mimi ni cha WBAU, redio ya Chuo Kikuu cha Adelphi, Long Island, nje kidogo ya New York. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kijana aitwaye Bill Stephney alikuwa akiongoza vipindi pale. Akawaingiza Hank Shocklee na wenzake, waliokuwa wakizunguka na mitambo ya muziki kwenye sherehe, pamoja na mwanafunzi wa uchoraji wa matangazo mwenye sauti nzito, Carlton Ridenhour. Rekodi za rap zilikuwa chache mno kujaza kipindi. Wakafanya jambo la akili: wakaanza kuwaita vijana wa mitaani warekodi kanda zao, na kanda hizo zikawa ndizo nyimbo za kipindi. Ridenhour mwenyewe alirekodi wimbo wa kukitangaza kipindi chao, kanda ikamfikia Rick Rubin wa Def Jam, na Rubin akamtafuta kwa simu mpaka akachoka. Huyo ndiye Chuck D. Mwaka 1987 kundi lake, Public Enemy, likatoa albamu yake ya kwanza, na Stephney na Shocklee wako ndani ya kazi hiyo. Kundi zima lilitoka kwenye chumba cha redio ya chuo, kwa sababu tu nyimbo za kupiga hazikutosha. Na redio yenyewe? Chuo kiliifunga mwaka 1995.

Kwa nini iwe chuo, na kwa nini usiku? Sababu ya kwanza ni sheria. Marekani imetenga sehemu ya chini ya FM, kati ya 88 na 92, kwa ajili ya vituo visivyo vya biashara, na vyuo vingi viko humo. Kituo cha namna hiyo hakiruhusiwi kuuza matangazo. Hakuna kampuni ya soda ya kuogopa, hakuna mkurugenzi wa masoko anayeleta orodha ya nyimbo Jumatatu asubuhi. Upande wa biashara, kabla Hot 97 haijageukia hip hop mwaka 1992 na 1993, vituo vikubwa vya New York viliiweka rap zaidi kwenye usiku wa mwisho wa juma, kwa ma-DJ kama Red Alert na Marley Marl. Mchana iliguswa kwa ncha ya kidole.

Sababu ya pili ni lugha. Sheria zao huvumilia maneno makali kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kwa hoja kwamba watoto wamelala. Mipaka ya saa hizo ilibishaniwa mahakamani miaka mingi hadi ikatulia mwaka 1995. Mchana rapa lazima ajikate ulimi kila mstari wa pili, na msanii anayechana papo kwa papo hawezi kujikata bila kupoteza pumzi. Saa saba usiku aliachwa amalize sentensi yake.

WKCR yenyewe ilikuwa, na bado ni, nyumba ya jazz. Phil Schaap alitangaza pale kwa miongo mingi, na kila siku ya kazi asubuhi alimchambua Charlie Parker pekee, wimbo kwa wimbo. Hip hop kupewa usiku wa manane kwenye nyumba kama hiyo inaonekana kama kutupwa uani. Lakini ni nyumba iliyozoea kumwachia mtangazaji apige anachokijua, kwa urefu anaoutaka. Utamaduni huo hauandikwi kwenye leseni. Angalieni kama redio yenu inao.

Kuna sababu moja ya kiufundi ambayo wanaosimulia hadithi za wasanii huiruka. Studio ya WKCR ilikuwa ndogo, lakini antena yake miaka hiyo ilikuwa juu ya World Trade Center, na ilikaa huko hadi minara ilipoanguka Septemba 11, 2001. Mawimbi ya FM husafiri karibu kama macho yanavyoona: kikwazo kikubwa ni upeo wa dunia. Chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1, na jibu ni umbali kwa kilomita, kwa makadirio. Antena ya mita 400 inaona kilomita 82. Ya mita 25 inaona kama kilomita 20. Ndiyo maana kijana wa Queensbridge, wa Brooklyn, wa Staten Island na wa New Jersey wote waliweza kuwa kitandani na redio moja. Lubumbashi iko juu ya uwanda, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mji wenyewe ni tambarare, kwa hiyo hakuna mlima wa kuwakinga wala wa kuwasaidia. Mkuu wa redio akipata pesa, msimwache anunue kwanza kisambaza mawimbi chenye nguvu zaidi. Mlingoti urefushwe kwanza. Toka kampasi ya Kasapa hadi mitaa ya Ruashi au Katuba si mbali, mkiwa juu ya mapaa na miembe mtafika.

Sasa kurekodi. Kipindi cha saa nne usiku wa kuamkia siku ya kazi kina wasikilizaji wachache walio macho. Wengi walikisikia kesho yake, kwenye kaseti. Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande, kwa hiyo saa nne zinameza kaseti mbili za 90 na moja ya 60, na katikati lazima mtu aamke ageuze. Vijana walifanya hivyo kila Alhamisi. Asubuhi kaseti inakwenda shule, inanakiliwa, nakala inanakiliwa, inasafiri hadi miji mingine na hatimaye inavuka bahari. Wafungwa katika magereza yaliyofikiwa na mawimbi walisikiliza na kuandika barua. Watu wa lebo waliosinzia usiku walizitafuta hizo nakala mchana. Redio ilirusha mara moja tu, kaseti ndizo zilizorusha mara elfu, na asilimia kubwa ya tunachokijua leo juu ya kipindi hicho, pamoja na zile dakika saba za Big L na Jay-Z, kimetufikia kwa njia hiyo.

Mfano wa pili uko Boston. Kati ya 1985 na 1988 mchoraji mmoja, Magnus Johnstone, aliendesha kipindi cha Lecco's Lemma, kwanza WMBR ya chuo cha MIT kisha WZBC ya Boston College. Aliwaambia wasikilizaji walete kanda zao, nao wakaleta kwa mamia, watoto wa mitaa ya maskini wakiwa wamerekodia chumbani. Guru, aliyekuja kuwa sauti ya Gang Starr, alikuwa kati ya waliopeleka. Wengi hawakutoka kabisa, hawana rekodi nyingine popote duniani. Johnstone hakuzitupa. Leo ziko katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Boston, zimegeuzwa kuwa faili na mtu yeyote anaweza kuzisikiliza. Kipindi hicho hakikutoa nyota wa milioni 300, na bado kwangu mimi kama mtu wa historia ya redio kimefanya kazi kubwa kuliko vingi vilivyotoa.

Umeuliza walifanyaje. Ukisikiliza kanda za Columbia utashangaa ni kiasi gani cha muda kilikwenda kwenye utani. Walicheka, walijitania, walimtania mgeni, walisoma matangazo ya mtaani, walipokea simu za watu wasio na la kusema, na baadaye Lord Sear akaongezeka kama sauti ya tatu ya kuchekesha. Rapa aliyekuja amevimba kifua alivuliwa uzito kabla ya kupewa biti. Na hapo ndipo anachana vizuri. Ninaposikiliza vipindi vya rap vya kwetu, mara nyingi mtangazaji anamwogopa mgeni au anamsifu mpaka mgeni mwenyewe anaona haya. Hakuna kinachoweza kutokea katika hali hiyo.

Na walikataa nyimbo. Hilo halisemwi vya kutosha. Pale mlangoni palikuwa na watu wengi kuliko nafasi, na wimbo wa rafiki ukiwa mbaya ulibaki kwenye begi.

Kwa nini kiliisha? Si skandali. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hip hop ilikuwa biashara kamili, na ladha za wawili hao zikaanza kuachana. Bobbito alizidi kuelekea kwa wasanii wadogo wanaojirekodia wenyewe. Mwaka 1995 alianzisha lebo ya Fondle 'Em, ambayo mwaka 1999 ilitoa albamu ya kwanza ya MF DOOM. Stretch alikuwa DJ wa klabu na aliona hakuna ubaya wimbo kupendwa na wengi. Walipewa pia nafasi Hot 97, redio ya biashara, na huko wakakutana na yale ambayo chuoni hayakuwapo. Mwaka 1998 ushirikiano wao WKCR ukaisha. Walikutana tena hewani kwa maadhimisho ya miaka 25, na mwaka 2017 wakafanya kipindi cha mazungumzo kwa NPR. Mimi naona kiliisha kwa wakati wake. Kazi yake ilikuwa kupiga kile ambacho wengine hawapigi, na ilipofika mahali kila redio inapiga rap, swali la "tupige nini sisi" halikuwa tena na jibu moja.

Turudi Lubumbashi. Mwaka ule wa 1990, Oktoba, wao wakianza, hapa kwetu palikuwa na kimya cha namna nyingine. Usiku wa Mei 11 kuamkia 12 wanafunzi walishambuliwa na kuuawa katika kampasi ya Lubumbashi, na redio ya nchini ilikuwa ya serikali, Voix du Zaïre. Sheria ya uhuru wa vyombo vya habari ilikuja Juni 22, 1996, na vituo vya binafsi, vya dini, vya jamii na vya vyuo vikaota kwa wingi baada ya hapo. Usipime safari yetu kwa saa ya New York. Hata hivyo, redio ya Kongo ilizaliwa shuleni: Radio Léo ya mwaka 1937 iliendeshwa na mapadri Wajesuiti kwenye chuo chao cha Léopoldville. Na kuhusu kuchana papo kwa papo, mji huu haukusubiri Marekani. Kundi la Mufwankolo lilikuwa likitunga maigizo yake ya redio na televisheni kwa Kiswahili cha Lubumbashi bila maandishi ya kukariri, wanakubaliana kisa, kisha kila mmoja anapata maneno yake akiwa mbele ya maikrofoni. Wazazi wenu wanakumbuka misemo ya maigizo hayo. Waiteni watu waliokuwa wakiyafuatilia, muwakalishe na rapa wa miaka 19 mezani pamoja, mtanishukuru.

Kutokana na hilo, lugha. Msimlazimishe mgeni achane Kifaransa ili aonekane amesoma, wala Kiswahili cha Dar es Salaam ili aonekane wa kimataifa. Mtu wa Kamalondo anayechanganya Kiswahili chetu, Kifaransa na Kibemba ndani ya mstari mmoja anafanya jambo ambalo mtu wa nje hawezi kumwiga. Hiyo ndiyo mali mtakayokuwa nayo peke yenu.

Tofauti kubwa kati yenu na WKCR ni pesa, na hapa nitakuwa mkali. Huko sheria ilizuia matangazo. Kwetu hakuna kinachozuia kwa vitendo coupage, yaani malipo ya chini ya meza kwa mtangazaji. Mtangazaji hana mshahara, msanii anakuja na dola tano za nauli, wimbo unapigwa. Wiki ya tatu anayelipa ndiye anayepigwa, na wale wazuri wasio na kitu wanaacha kuja. Halafu mabanga: meneja anataka jina la tajiri wake litajwe kila baada ya wimbo. Amueni leo, kabla ya kipindi cha kwanza, kwamba hampokei senti kwa kupiga wimbo, na mlitangaze hewani kila wiki ili mkijaribiwa muone aibu. Mkihitaji pesa ya usafiri wa usiku, na mtaihitaji, mwombe chuo, au mfanye tamasha la kiingilio kidogo kila baada ya miezi mitatu.

Usiku nao una mpaka wake huku. Msidhani ile nafuu ya lugha ya Marekani ipo kwetu: CSAC, baraza la nchi linalosimamia redio na televisheni, haina saa ambayo imelala. Matusi ya kawaida mtaelewana na mkuu wenu. Lakini mgeni akianza kuchana juu ya kabila la mtu, zimeni maikrofoni, hata kama biti ni tamu. Mji huu unajua maneno ya redio na ya majukwaani yalisaidia kufikisha watu wapi mwaka 1992 na 1993, familia za Wakasai zilipofukuzwa Likasi na Kolwezi. Mwambieni mgeni hivyo kabla hajaingia, kwa upole.

Kurekodi sasa ni rahisi kuliko kugeuza kaseti, na kwa sababu ni rahisi watu hawafanyi. Rekodini kipindi kizima kutoka kwenye meza ya sauti, siyo kwa simu iliyowekwa mbele ya spika. Umeme ukikatika katikati, hifadhini hata nusu. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha majina ya wageni, mfano 2026-03-12, ili miaka kumi baadaye zijipange zenyewe. Andikeni pia mtaa anaotoka mgeni na aliyetengeneza biti. Nakala moja ibaki redioni, moja kwenye diski ngumu nyumbani kwa mmoja wenu, moja mwombe maktaba ya chuo iipokee rasmi, kwa barua yenye muhuri. Kisha kateni vipande vya dakika mbili tatu mvitume kwenye WhatsApp na mvipeleke kwa vijana wanaojaza nyimbo kwenye kadi za simu sokoni. Hao ndio kaseti zenu.

Mmoja wenu atahitimu kabla ya mwingine, au wote mtahitimu pamoja, na hapo ndipo vipindi vingi vya vyuo hufa. Kuanzia mwezi wa kwanza mkaribisheni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akae studio, awe anashika simu na kuandika orodha ya nyimbo. Awe binti kama mnaweza. Vipindi hivi vya usiku, kwa sababu ya usafiri na usalama, hujaa wanaume hata pale wasipokusudia, na rapa wa kike hawezi kuja saa sita usiku kama hakuna anayemrudisha nyumbani. Tafuteni dereva mmoja wa teksi mnayemwamini, au rekodini naye jioni mrushe usiku.

Kuhusu saa moja au mbili: ombeni mbili. Ukitoa nyimbo, salamu na mgeni aliyechelewa, ndani ya saa moja mgeni anachana kwa dakika sita akiwa bado ana baridi. Saa ya kwanza pigeni muziki mcheke naye, maikrofoni mfungulieni saa ya pili.